Hadithi Ndefu ya Kifaransa na Msomaji wa Nyanda za Juu za Kusini

Katika historia ya maandishi ya Kiswahili yamesemwa mengi juu ya vitabu vilivyofasiriwa, na majina ya wafasiri wake, na miaka vilipopigwa chapa. Machache yamesemwa juu ya furaha ya msomaji, na machache zaidi juu ya kipimo cha kitabu alichopewa. Hata hivyo mambo haya mawili hayatengani. Hadithi ndefu ina furaha yake ambayo hadithi fupi haiwezi kuitoa, kama vile safari ya mwezi mzima ilivyo na mambo ambayo matembezi ya jioni hayana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hadithi za Ulaya zilipoingizwa katika Kiswahili ziliingizwa kwa kipimo kidogo; kwamba msomaji wa Mbeya na Iringa, ambaye mara nyingi Kiswahili si lugha ya mama yake, alikwisha kuthibitisha kuwa anaweza kukaa na kitabu kirefu; na kwamba riwaya kubwa za Kifaransa za karne ya 19, hasa Les Misérables ya Victor Hugo, ni mizani nzuri ya kupimia jambo hili.

Msomaji na Lugha Zake

Nyanda za Juu za Kusini zilikuwa jimbo moja wakati wa utawala wa Waingereza. Baada ya uhuru jimbo hilo liligawanywa kuwa mikoa ya Iringa na Mbeya. Mwaka 2012 mkoa wa Njombe ulitoka katika Iringa, na mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukatoka katika Mbeya. Ni nchi ya milima na baridi, ya mahindi, viazi na chai, na nchi ya lugha nyingi: Kihehe, Kibena, Kikinga, Kisangu, Kisafwa, Kinyakyusa, Kindali, Kinyiha na nyinginezo. Kiswahili kilifika huku pamoja na misafara ya biashara, kisha pamoja na askari na makarani wa serikali ya Kijerumani. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin, waliofika pande za kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, walijifunza lugha za wenyeji na kuzitumia katika mafundisho yao.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulikipa Kiswahili nguvu katika shule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa lugha sanifu. Na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Hivyo mtoto wa Rungwe au wa Njombe wa miaka ile aliweza kukutana na herufi kwa lugha ya mama yake, akasoma hadithi kwa Kiswahili, na ikiwa alibahatika kuendelea mbele akasoma nyingine kwa Kiingereza.

Jambo hili lina maana kubwa kwa historia ya usomaji. Mtu wa pwani alisikia Kiswahili kabla ya kukisoma. Mtu wa nyanda za juu mara nyingi alikisoma kabla ya kukizoea mdomoni. Kwake yeye, kila kitabu cha Kiswahili kilikuwa tayari na harufu ya tafsiri, hata kama kiliandikwa na Mswahili wa Tanga au Unguja, maana alipokuwa akikisoma alikuwa akikifasiri moyoni mwake. Si kweli, basi, kwamba tafsiri humpunguzia msomaji wa namna hii furaha yake. Tafsiri ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuipata.

Kitabu kirefu cha kwanza katika nyumba nyingi za huko kilikuwa Biblia, nayo ni tafsiri. Biblia nzima iliyofasiriwa na Karl Roehl ilitoka mwaka 1937, baada ya Agano Jipya lake la mwaka 1930. Roehl alikusudia kuwaandikia watu wa bara, na kwa sababu hiyo aliepuka maneno mengi yenye asili ya Kiarabu na kutafuta ya Kibantu badala yake. Biblia ya Umoja ilifuata mwaka 1952, ikachukua nafasi yake katika makanisa mengi. Wataalamu wamebishana sana juu ya maneno ya Roehl, na mabishano hayo yana faida yake. Lakini yasifiche jambo lililo wazi zaidi. Watu ambao walikuwa wamejifunza kusoma juzi na jana walipewa kitabu chenye kurasa zaidi ya elfu moja, chenye koo, vita, sheria, nyimbo na barua, wala hawakukikataa kwa urefu wake. Walikisoma sura kwa sura, jioni kwa jioni, na mwisho wakakihesabu kuwa chao.

Wala urefu haukuwa mgeni katika Kiswahili chenyewe. Utenzi wa Ras il Ghuli una beti zaidi ya 4,000, na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert una beti 3,000. Tendi nyingi za kale, nazo, zilichukua visa vyake kutoka masimulizi ya Kiarabu. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba hadithi ndefu iliyotoka katika lugha nyingine haipatani na desturi ya Waswahili anasahau sehemu kubwa ya desturi hiyo.

Kipimo Kidogo

Lakini hadithi za nathari kutoka Ulaya ziliingia kwa mlango mwingine, mlango wa shule, nao ulikuwa mwembamba. Mwaka 1867 Edward Steere alipiga chapa Unguja Hadithi za Kiingereza. Kitabu hiki kilitokana na masimulizi ambayo Charles na Mary Lamb waliyaandika kwa ajili ya watoto kutoka katika michezo ya Shakespeare. Ulikuwa, kwa hiyo, ufasiri wa muhtasari.

Baadaye alikuja Frederick Johnson, aliyekuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha. Yeye alifasiri Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vyote viwili vya mwaka 1929, na pamoja na E. W. Brenn akatoa Hadithi ya Allan Quatermain mwaka 1934. Kazi ya Johnson isidharauliwe. Kiswahili chake ni chepesi na safi, na wasomaji wengi walionja kwa mkono wake raha ya kutaka kujua yatakayofuata. Lakini vitabu hivi, hata vikiwa kamili, ni vya safari na hatari, navyo huenda mbio. Mtu wa mlimani aliyesoma habari za mashimo ya Mfalme Sulemani alivuka jangwa na theluji pamoja na wageni waliokuja kutafuta almasi katika bara lake mwenyewe. Hakupewa nafasi ya kukaa miaka ishirini pamoja na mtu mmoja maskini wa Ulaya, na kuona jinsi moyo wake unavyogeuka.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na jaribio la namna nyingine mkoani Iringa. Shule ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 chini ya W. B. Mumford, ilitaka kuunganisha masomo ya darasani na mila za wenyeji, na wazee waliitwa ili wawafundishe wanafunzi mambo ya kwao. Mengi yanaweza kusemwa juu ya makusudi ya serikali ya kikoloni katika jaribio hilo. Kwa habari ya makala haya latosha kukumbuka kwamba mzee aliyesimulia habari za watemi hakuwa na haraka. Simulizi lake lilikuwa na matawi. Lilisimama kueleza ukoo, likapita kueleza mlima, kisha likarudi njiani. Kitabu cha shule hakikufanana naye. Riwaya ndefu ya Kifaransa, kama ingalikuwapo, ingalifanana naye zaidi.

Kwa upande wa Kifaransa, vitabu vilivyojulikana zaidi havikuwa riwaya bali michezo ya Molière: Mchuuzi Muungwana, uliofasiriwa na A. Morrison na kutolewa mwaka 1961, na Mnafiki, uliofasiriwa na L. Taguaba na kutolewa mwaka 1973. Hugo na Alexandre Dumas walimfikia mwanafunzi wa sekondari hasa kwa Kiingereza, mara nyingi katika vijitabu vilivyorahisishwa. Alichokisoma kilikuwa tafsiri kutoka Kifaransa, iliyofupishwa kwa Kiingereza, kisha ikafasiriwa tena kimya kimya katika Kiswahili au Kinyakyusa cha akili yake. Ajabu ni kwamba furaha haikupotea yote njiani. Shaaban Robert mwenyewe alimfasiri Omar Khayyam mwaka 1952 kwa kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, wala hakuna asemaye kwamba kazi ile haina utamu. Lakini mto uliopita katika mifereji mitatu hufika na maji machache.

Faida ya Urefu

Les Misérables ilitoka mwaka 1862, wakati Hugo alipokuwa uhamishoni katika kisiwa cha Guernsey. Ina sehemu tano na sura 365, hesabu inayolingana na siku za mwaka. Kisa chake kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Jean Valjean aiba mkate kwa ajili ya watoto saba wa dada yake wenye njaa. Afungwa miaka mitano, na kwa kujaribu kutoroka kifungo chafika miaka 19. Anapotoka hakuna anayempokea ila askofu mmoja mzee, naye amwibia askofu huyo vyombo vya fedha. Askari wanapomkamata na kumrudisha, askofu asema kwamba vyombo vile alimpa yeye, na amwongezea vinara viwili vya fedha. Tangu siku hiyo Valjean ajitahidi kuwa mtu mwema, huku mtumishi wa sheria, Javert, akimwandama.

Mfupishaji akitwaa kitabu hiki hujua mara moja pa kukata. Hugo atumia sura 14 kumweleza askofu kabla Valjean hajabisha mlango wake, mfupishaji huziacha. Atumia sura 19 kueleza vita vya Waterloo vya mwaka 1815, mfupishaji huzifuta. Aeleza historia ya mifereji ya maji machafu ya Paris kabla ya kumwingiza Valjean humo akiwa amembeba kijana mgongoni. Hiyo nayo hukatwa. Kinachobaki ni kisa cha mtu anayekimbizwa, na kisa hicho ni kizuri. Lakini ni kitabu kingine.

Fikiria vile vinara viwili. Katika kijitabu cha kurasa mia moja vinatolewa katika ukurasa wa kumi, na vinawashwa kando ya kitanda cha Valjean anapokufa katika ukurasa wa tisini na nane. Msomaji huona kwamba ni vile vile, na husema ndiyo. Katika kitabu kizima, kati ya kutolewa kwake na kuwashwa kwake zimepita sura zaidi ya mia tatu. Msomaji amekaa nacho miezi; mahindi yaliyokuwa machanga alipoanza yamekwisha kuvunwa; amesahau vinara, akavikumbuka, akavisahau tena. Vinapowaka mwishoni humulika si maisha ya Valjean tu bali na ule muda wake msomaji mwenyewe. Mfupishaji, hata awe hodari namna gani, hawezi kuutia muda huo katika kurasa mia moja. Zile sura 14 za askofu nazo zina kazi: msomaji aliyekwisha kukaa nyumbani mwake, akajua anakula nini na anatoa nini, haoni kwamba msamaha wake ni muujiza uliotoka hewani. Aona kwamba ni matunda ya mti alioutazama ukikua.

Urefu huu haukuwa wa matajiri wenye nafasi pekee. The Count of Monte Cristo, kama wasomaji wa Kiingereza wanavyokijua kitabu cha Dumas, kilitoka kwanza kidogo kidogo katika gazeti la Paris, Journal des Débats, kati ya mwaka 1844 na 1846. Dumas huyu, ambaye bibi yake mzaa baba alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika katika Saint-Domingue, Haiti ya leo, aliandika akijua kwamba msomaji atangoja. Katika viwanda vya sigara vya Cuba, tangu mwaka 1865, wafanyakazi walichanga fedha zao kumlipa mtu awasomee kwa sauti wakati mikono yao ilipokuwa kazini. Kitabu cha Dumas, kwa tafsiri ya Kihispania, kilipendwa sana nao. Sigara ya Montecristo, iliyoanza mwaka 1935, yachukua jina lake humo. Watu wale hawakujua Kifaransa, wala wengi hawakushika kitabu mkononi, lakini walikisikia chote. Katika nchi ambayo jirani hukusanyika jioni kupukuchua mahindi, na ambayo barua na gazeti vilizoea kusomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma naye apate sehemu yake, mfano huu si wa mbali.

Bwana na Ndugu

Yafaa sasa kutazama lugha yenyewe, maana huenda ikasemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kuubeba mzigo huu. Mambo matatu yatatosha.

La kwanza ni nyakati za vitenzi. Kifaransa cha masimulizi hutenga tendo lililopita na kwisha na tendo lililokuwa likiendelea. Kiingereza mara nyingi hutumia umbo moja kwa yote mawili. Kiswahili kina li, kina ka ya kufuatanisha, kina likuwa pamoja na ki, na kina hu ya mazoea. Alikwenda, akaenda, alikuwa akienda na huenda ni hatua nne tofauti, na mfasiri afasiriye kutoka Kiingereza huenda asijue ni ipi iliyotakiwa.

La pili ni upatanisho wa ngeli. Sentensi za Hugo ni ndefu, na katikati yake hukaa sentensi nyingine. Kiswahili hupoteza tofauti ya mwanamume na mwanamke katika kiambishi a, na hapana budi mfasiri arudie majina mahali ambapo Mfaransa hatumii jina. Lakini kwa vitu, Kiswahili kina nguvu iliyo kubwa kuliko ya Kifaransa: vinara vikitajwa mwanzo wa sentensi, vi hubaki ikivilinda hata mwisho, ijapokuwa mkate, mlango na askari wamepita katikati. Lugha yenye kamba ya namna hii haiogopi sentensi ndefu.

La tatu, nalo ndilo zito, ni namna watu wanavyoitana. Usiku ule wa kwanza askofu amwita mfungwa monsieur, na Hugo aonyesha jinsi neno hilo la heshima linavyomshtua mtu ambaye kwa miaka 19 aliitwa kwa namba. Kwa Kiswahili neno litakuwa Bwana. Sasa, katika nyanda za juu za miaka ya 1930, Bwana lilikuwa neno la mkulima kwa mzungu wa shamba na kwa mkuu wa wilaya, na mara chache lilirudi chini kwake. Tena ndilo jina alilomwitia Mungu wake katika Biblia. Askofu akimwambia mwizi Bwana, msomaji wa Iringa husikia mambo ambayo Mfaransa hayasikii. Asubuhi yake, baada ya kutoa vinara, askofu amwita Valjean mon frère, ndugu yangu. Neno ndugu nalo lina historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilienea katika ofisi na mikutano kama namna ya kuwaita watu wote sawasawa. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992 Mheshimiwa likalisukuma pembeni katika sehemu nyingi za maisha ya serikali. Njia aliyopita Valjean katika usiku mmoja na asubuhi moja, kutoka Bwana hadi ndugu, ni njia ambayo lugha ya Tanzania iliipita katika miongo michache. Hapa tafsiri haikosi kitu; yaongeza.

Hata jina la kitabu ni swali la lugha. Neno la Kifaransa huwachanganya maskini na mwovu katika nguo moja, na hiyo ndiyo hoja ya Hugo. Wanyonge lina sauti ya siasa ya miaka ya 1960. Mafukara lahesabu mali tu. Maskini lina huruma, kwa kuwa pia ni neno ambalo mtu hulitoa kwa sikitiko anapoona mwenzake ameumia, lakini halina uovu ndani yake. Mfasiri atachagua, na kila uchaguzi utakuwa ufafanuzi.

Kazi Iliyobaki

Zana za kufasiri kutoka Kifaransa moja kwa moja hazikukosekana. Padre Charles Sacleux alitoa kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, mwaka ule ule zilipotoka kamusi za Johnson za Kiingereza. Njia mbili zilikuwa wazi. Iliyotumika zaidi ni moja, kwa sababu shule na serikali zilikuwa upande huo. Leo barabara ya Mbeya kupitia Tunduma huchukua magari hadi Lubumbashi, mahali ambapo watu wengi huzungumza Kiswahili nyumbani na kusoma Kifaransa shuleni. Mfasiri wa Hugo si lazima atafutwe mbali.

Gharama ya karatasi ni kweli, na mchapishaji anayeiogopa ana haki. Lakini Dumas alionyesha dawa yake: kitabu kirefu kinaweza kutolewa kidogo kidogo, na sura 365 zaweza kuwa chakula cha mwaka mzima. Linalofaa kuepukwa ni kumpa msomaji muhtasari na kumwambia kwamba amekisoma kitabu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyekatwa nusu njiani haponyi mtu. Na mwenyeji wa Mbeya na Iringa, aliyekwisha kumaliza vitabu virefu kuliko hiki kwa mwanga wa kibatari, hana sababu ya kuhurumiwa kwa kupewa kifupi.